Nyumba Inauzwa, Maongezi Yapo

Dar es Salaam ni mji ambao mwenye nyumba hulazimika kuandika ukutani kwamba nyumba yake haiuzwi. Utayakuta maandishi hayo Tabata, Mbagala, Kimara na kwingineko, kwa rangi nyekundu au nyeusi, herufi kubwa kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongeza: OGOPA MATAPELI. Anayeandika hivyo ana sababu zake. Pengine alisafiri, akarudi akakuta wageni wanapima vyumba vyake kwa utepe, wameletwa na mtu aliyejitambulisha kuwa mtoto wa familia. Pengine ni ndugu wanaogombea mirathi na mmoja wao ameshaanza kupokea malipo ya awali. Kwenye soko la namna hii, ambako hata asiyeuza inabidi ajitangaze, ndiko dalali wa nyumba anakochuma riziki yake. Na mimi nimewatazama madalali kwa muda mrefu, nikafikia mahali pa kumheshimu dalali mzuri kuliko mafundi wengi wanaosifiwa kila siku.

Nasema dalali mzuri kwa kusudi. Leo yeyote mwenye simu na picha nne anajiita dalali: picha ya sebule, picha ya geti, maneno "ina hati safi, maongezi yapo", kisha namba ya simu. Kumpata mtu wa kuja kuangalia kumekuwa rahisi mno, na ndiyo maana watu wengi huuliza, tena kwa haki, kwa nini wamlipe mtu mamilioni kwa kazi ambayo wanaweza kuifanya wenyewe wakiwa wamekaa kwenye kochi. Jibu nimeliona kwa dalali ambaye kazi yake kubwa huisha kabla mnunuzi wa kwanza hajaonyeshwa mlango, na ambaye ufundi wake unaonekana zaidi kwenye nyumba anazokataa kuziuza.

Ninayemfikiria ni mzee mmoja wa Sinza. Alianza na ubao wa chaki kando ya barabara: chumba na sebule, chumba masta, fremu, nyumba inauzwa. Ubao huo bado upo kijiweni, ingawa sasa anauachia vijana waandike. Sinza yenyewe ni darasa zuri kwa dalali. Pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ilipima viwanja, ikachonga barabara na kuleta maji, na mwananchi wa kipato cha chini akaachiwa ajenge mwenyewe kadiri alivyojaliwa. Viwanja vilikuwa vidogo na nyumba zilikuwa za kawaida. Nusu karne baadaye ghorofa zimeota, baa zimejaa, na kiwanja alichogawiwa karani wa zamani kinatafutwa na mfanyabiashara wa Kariakoo. Karani ameshafariki. Jina lake bado liko kwenye karatasi, na wajukuu wake ndio wanaokuja kijiweni kusema, "Mzee, tunataka kuuza."

Akiitwa kwenye nyumba, mzee huyu haingii ndani. Huzunguka nje kwanza. Niliwahi kumfuata akifanya hivyo, na nilidhani amepoteza kitu, maana alikuwa ameinama kwenye kona ya ukuta akifukua mchanga kwa ncha ya kiatu, kisha kwa mkono. Alikuwa anatafuta bikoni, lile jiwe la zege ambalo wapima ardhi hulizika kwenye kona ya kiwanja, lenye namba yake. Alilipata chini ya takataka na mzizi wa mpera, akalifuta kwa kiganja mpaka namba ikasomeka, akaiandika kwenye daftari. Kisha akaenda kona ya pili. Kona ya tatu bikoni ilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa jirani, hatua mbili hivi kutoka pale ukuta ulipojengwa. Hakusema neno kwa mwenye nyumba muda ule. Aliandika tu. Hatua mbili hizo zingeweza kumrudisha mnunuzi siku ya mwisho akiwa na wakili na hasira, na yeye alishaziona kabla hajapewa hata kiti.

Akimaliza mipaka huangalia maji yanakotokea na yanakoelekea. Mji huu una mabonde ambayo wakati wa kiangazi huwezi kuyajua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa bonde la Msimbazi mpaka Mabwepande, na tangu hapo kila dalali makini ana jicho la kutazama ukuta wa chini. Rangi ikiwa mpya kuanzia usawa wa magoti kwenda chini, huku juu imechakaa, anajua kuna alama imefichwa. Halafu huangalia barabara, na hasa umbali wa nyumba kutoka katikati ya barabara kuu. Waliobomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017, kuanzia Kimara kwenda nje ya mji, walikuwa na nyumba nzuri, nyingine za ghorofa, na wengine walikuwa wamenunua kwa pesa halali. Hifadhi ya barabara haikuangalia hayo. Alama ya X nyekundu inaweza kupakwa rangi juu ikapotea, lakini mzee huwauliza majirani, na majirani hukumbuka.

Ndipo anaingia ndani, na bado haangalii vyumba. Anaomba karatasi. Na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipouelewa ufundi wenyewe.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya 1999 imeliweka hilo wazi. Kwa hiyo anayesema anauza nyumba anauza jengo pamoja na haki ya kukaa kwenye ardhi ile kwa muda na masharti fulani, na haki hiyo huja kwa sura nyingi. Kuna mwenye hatimiliki ya miaka 33, 66 au 99. Kuna mwenye barua ya toleo ambaye hakuwahi kwenda kuchukua hati. Kuna mwenye leseni ya makazi, ile iliyotolewa kwenye maeneo ambayo hayakupimwa. Na kuna mwenye karatasi moja tu ya mauziano, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino na kugongwa muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa, wakasaini majirani wawili ambao mmoja ameshahamia Mwanza. Wote wanne watakwambia, "Nina hati."

Mzee huzipokea karatasi kwa mikono miwili, huzisoma zote, mpaka mgongoni. Hatimiliki ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1994 inaisha 2027, na mnunuzi anayeambiwa "ina hati" bila kuambiwa hilo anauziwa kiza. Huangalia matumizi yaliyoandikwa, kama ni makazi au biashara, na risiti ya mwisho ya kodi ya ardhi. Kisha anafanya jambo ambalo sikulitarajia: anaomba bili ya maji. Jina la kwenye bili ya DAWASA likiwa tofauti na la kwenye hati, anauliza taratibu huyu ni nani. Mara nyingi jibu ni, "Huyo ni marehemu baba." Basi hapo ameshajua kwamba anachoshika ni mirathi, hata kama aliyemwita alizungumza kama mwenye mali.

Akifika hapo husimama. Huuliza nani mwingine ana haki kwenye nyumba hii, kisha hunyamaza mpaka ajibiwe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni lake peke yake. Mzee hawezi kukutajia kifungu kwa namba, ila anakiishi. Nilimsikia akizungumza na baba mmoja aliyekuwa na haraka sana.

"Baba, mama yuko wapi?"

"Yuko kwao, amesafiri."

"Anarudi lini?"

"Mzee, hii nyumba ni yangu. Hati hiyo hapo, soma jina."

"Nimelisoma, baba. Basi akirudi mama, mtanipigia nije."

Akaaga kwa heshima, akaondoka. Kazi ambayo ingempa mamilioni aliiacha pale mlangoni, na siku iliyofuata nyumba ile ile ikawa imetangazwa kwenye simu za madalali wengine watatu. Hakuonyesha kusikitika. Kwa upande wa mirathi ni mkali zaidi. Anataka msimamizi awe ameteuliwa na mahakama na barua yake aione, na juu ya hapo anataka kukaa na warithi wote, au angalau kuzungumza nao kwa simu mmoja mmoja, ingawa msimamizi akishateuliwa ana uwezo wa kisheria wa kusaini. Muhtasari wa kikao cha ukoo huusoma akihesabu sahihi. Mtoto mmoja wa nje ambaye hakuitwa kikaoni anaweza kuja kuweka zuio kwa Msajili wa Hati wakati mnunuzi ameshalipa nusu, na hapo kila mtu atamtafuta dalali.

Kuhusu vyumba na vigae na dari ya jipsamu, husema machache. Hivyo mnunuzi ataviona mwenyewe.

Kisha bei. Hakuna mahali ambapo mwenye nyumba anahitaji mtu mwingine kuliko hapa, kwa sababu mwenye nyumba huhesabu alichotoa. Anahesabu mifuko ya saruji, nondo, bati, fundi aliyekimbia na pesa ya plasta, sikukuu alizopita bila nguo mpya ili linta ifungwe. Ni hesabu ya haki na inauma kuipuuza. Mnunuzi hana habari nayo. Yeye anahesabu kiwanja, karatasi, barabara, na nyumba tatu nyingine alizoziona wiki hiyo. Dalali yuko katikati ya hesabu hizo mbili, na lazima aseme bei bila kumvunjia mtu heshima ya jasho lake.

Mzee hana kawaida ya kuanza na nyumba inauzwa ngapi. Huanza na mwenye nyumba anakwenda wapi. Nilimsikia akimwambia mama mmoja mjane, wamekaa ukumbini kwenye mkeka: "Mama, uliyotumia kujenga sikuulizi, maana hakuna atakayeyalipa yote. Nakuuliza unahamia wapi, na huko kunataka shilingi ngapi, na watoto wanataka kugawana nini." Mama akaeleza: kiwanja amekiona Bunju, kujenga vyumba vitatu, kisima, na kitu kidogo kwa kila mtoto. Wakajumlisha pamoja kwenye daftari. Jumla ilipopatikana, ikawa chini ya bei aliyokuwa anaitaja mtaani kwa kiasi kikubwa, na aliiona mwenyewe bila kuambiwa na mtu kwamba amezidisha. Nimewahi kusoma vitabu vya biashara vinavyoeleza namna ya kupanga bei, na sijakuta ukurasa mmoja unaofikia mazungumzo yale ya mkekani.

Baada ya hapo wanakubaliana bei mbili. Ya kwanza ni ya kutangaza. Ya pili ni ya kuondokea, ile ambayo ikifikiwa mwenye nyumba anasaini siku hiyo hiyo. Ya pili wanaijua watu wawili tu. Mzee haisemi kijiweni, haimwambii hata dalali mwenzake anayeshirikiana naye, kwa sababu ikishatoka inakuwa ndiyo bei ya kuanzia. Na anaijuaje bei ya soko? Matangazo hayamsaidii, maana yale ni matamanio ya watu. Anazo bei zilizolipwa kweli, kwenye daftari lake: mtaa gani, kiwanja ukubwa gani, karatasi aina gani, iliondoka kwa ngapi na ilikaa sokoni muda gani. Daftari hilo amelijaza kwa kuwauliza wanunuzi, wauzaji, makarani na madalali wenzake kwa miaka mingi, na kwa kuwa yeye hasemi uongo kuhusu bei zake, nao humwambia za kwao.

Kuonyesha nyumba ni kazi yenye utaratibu wake. Hufika mapema, hufungua madirisha, hufungua bomba aone kama maji yanatoka. Humwomba mwenye nyumba akae kwa jirani. Ombi hili huwaudhi wengi, lakini nimeliona lina maana. Mwenye nyumba akiwepo, mnunuzi haongei. Anapita kama mgeni aliyekuja kutoa pole, anasifia kila kitu, anaondoka na harudi tena. Mwenyeji asipokuwepo, mke wa mnunuzi anafungua makabati, anagonga ukuta, anasema jiko ni dogo, na mazungumzo ya kweli yanaanza.

Mzee humtanguliza mnunuzi, yeye hufuata nyuma. Hatasema "hiki ni chumba cha kulala", kwa kuwa mtu ana macho. Anayosema ni yale ambayo macho hayayaoni. Shimo la choo liko pale chini ya zile slebu, lilinyonywa mwaka jana. Maji hutoka kwa mgao, ndiyo maana kuna tangi. Ile baa ya kona inapiga muziki Ijumaa na Jumamosi mpaka usiku. Ukuta wa huku umeacha hatua mbili za kiwanja kwa jirani, jirani anajua, na tumekubaliana hivi na hivi. Kasoro zote huzisema mwenyewe mapema, kwa sauti ile ile anayosemea mazuri. Nimewaona wanunuzi wakitulia wanapoyasikia hayo. Mtu aliyekuja akiwa amejiandaa kudanganywa anaanza kuuliza maswali ya mtu anayetaka kuhamia: shule iko wapi, daladala inapita wapi, jirani wa kulia ni mtu wa namna gani.

Wapangaji nao mzee hawaachi nyuma. Nyumba nyingi za Kiswahili, zile za vyumba sita na ukumbi katikati zilizobaki Magomeni, Ilala na Temeke, huuzwa zikiwa na watu ndani, na wengine wamelipa kodi ya miezi sita mbele. Dalali mwenye haraka huwaficha wapangaji kwa mnunuzi, na mnunuzi kwa wapangaji. Mzee hukaa nao, huwaambia, hupatana na mwenye nyumba nani arudishiwe kiasi gani na lini, na makubaliano hayo yanaandikwa kabla ya kuonyesha.

Halafu yapo matoleo ya bei yanayotukana. Nyumba imetajwa milioni 150, mtu anasema 80. Mwenye nyumba anayeuza mwenyewe hulipokea neno hilo sebuleni kwake, chini ya picha ya harusi, na wengi hujibu kwa moyo. Mnunuzi huenda alikuwa anapima tu, na angefika 130, lakini ameshafukuzwa. Mzee huitikia, "Nimekusikia, bosi wangu," na halibebi neno hilo kama lilivyo kumpelekea mwenye nyumba. Humwambia kuna mtu ameona, ameipenda, mfuko wake bado. Kwa mnunuzi naye anarudi baada ya siku mbili na habari kwamba mwenye nyumba amekataa ila hajafunga mlango. Amewakinga wote wawili, na hajamdanganya hata mmoja wao. Kuna ustadi wa hali ya juu katika kujua lipi la kufikisha leo, lipi la kufikisha kesho, na lipi la kuacha lipotee njiani.

Sasa je, kila mtu amtafute dalali? Sidhani. Mwenye nyumba yenye hati safi kwa jina lake, ambaye mpangaji wake wa miaka mingi au jirani wa ukuta mmoja anataka kununua, anaweza kuuza mwenyewe na akauza vizuri. Dalali hutoza asilimia 5 mpaka 10 kwa makubaliano, na asilimia 5 ya milioni 120 ni milioni 6, pesa ya kuezeka nyumba. Anachohitaji mtu huyu ni wakili, upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili mnunuzi ajiridhishe kwamba hakuna rehani ya benki wala zuio, na mthamini aliyesajiliwa. Mzee mwenyewe nimemsikia akimwambia mwanamke aliyemfuata kijiweni, "Dada, mteja unaye, karatasi unazo. Mimi nikuuzie nini? Nenda kwa wakili." Akamtajia mambo ya kuangalia na hakudai chochote. Asiyekuwa na mnunuzi, au ambaye karatasi zake zina mikono mingi, au ambaye anauza kwa sababu ya ugonjwa na uso wake unasema hivyo kwa kila anayeingia, huyo anahitaji mtu wa kusimama mbele yake.

Lakini lazima niseme waziwazi kuhusu cha juu, kwa sababu ndicho kinachoichafua kazi hii. Mwenye nyumba anataka milioni 70, dalali anamwambia mnunuzi 85, na 15 zinazobaki ni zake, mbali na asilimia. Ili hilo liwezekane, muuzaji na mnunuzi wasikutane, au wakikutana wasitaje bei. Kila kinachofuata kinakuwa cha kificho: simu zinapokelewa pembeni, mkataba unaandikwa kwa bei isiyo ya kweli, na mnunuzi akiuliza swali la kawaida anaonekana msumbufu. Nyumba inakaa sokoni mwaka mzima kwa sababu bei iliyotangazwa si ya mwenyewe, na mwenye nyumba anadhani ana gundu. Madalali wakiwa wanne kwenye mnyororo, kila mmoja na chake juu, nyumba ya Mbezi inafikia bei ya Masaki. Sioni njia ya kuliita hili ujanja wa biashara. Ni wizi kwa muuzaji, na dalali anayeufanya amejiuza mwenyewe kabla ya nyumba.

Mzee huandika asilimia yake kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, mwenye nyumba akasaini, na mnunuzi akiuliza anaambiwa. Madalali wenzake wakileta mteja anagawana nao. Daftari lina safu ya aliyeleta mteja na saa aliyopiga simu, na ugomvi wa "huyu alikuwa mteja wangu", ambao kwenye vijiwe vingine huishia kwa ngumi, kwake humalizwa kwa kufungua ukurasa.

Siku ya mauziano yeye huzungumza kidogo kuliko wote. Upekuzi umeshafanyika, na malipo ya awali, kama yapo, yalilipwa baada yake wala si kabla. Wapo ofisini kwa wakili: muuzaji na mwenzi wake, mnunuzi, mashahidi, picha za pasipoti, nakala za vitambulisho. Kwa nyumba yenye hati kuna fomu za kutoa taarifa ya mauziano, kuomba kibali na kuhamisha miliki, ambazo watu wa ardhi wamezizoea kwa namba: 29, 30 na 35. Kwa isiyo na hati huwapo pia ofisi ya serikali ya mtaa na majirani wa pande zote. Baadhi ya ofisi za mtaa hudai asilimia ya bei, jambo lenye mvutano wa miaka mingi, na mzee huwa ameshalimaliza mapema ili lisizuke mezani. Pesa haihesabiwi ofisini. Wanakwenda benki pamoja, inahama kutoka akaunti kwenda akaunti, muuzaji anaona salio lake, ndipo hati halisi inatoka mkononi mwa wakili aliyekuwa ameishika kwa makubaliano ya pande zote.

Kodi anazieleza tangu siku ya bei, kwa sababu muuzaji asiyezijua hudhani pesa yote ni yake. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji inayolipwa TRA, asilimia 10 ya faida kwa mkaazi, na nafuu zake kwa nyumba ambayo mtu ameishi mwenyewe. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kuna ripoti ya uthamini ambayo lazima iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Katika zile hesabu za mkekani, kiwanja cha Bunju na kisima na mgawo wa watoto, mstari wa kodi ulikuwa umeshaandikwa.

Wengine wakishalipwa asilimia yao hubadilisha laini ya simu. Mzee ana tabia ya kumsumbua mnunuzi kwa miezi inayofuata: umepeleka fomu, umelipa, umeitwa kuchukua hati? Wanunuzi wengi wakishahamia hulegea. Wana mkataba, wana funguo, wanaona inatosha, na jina la muuzaji linabaki kwenye daftari la Msajili miaka kumi. Muuzaji akifariki katikati, mnunuzi yule inambidi aanze kuwatafuta watoto wa marehemu, mmoja yuko Muscat, mwingine hajulikani alipo, na msimamizi ateuliwe upya ili tu asaini kile ambacho baba yao angekisaini kwa dakika moja. Mzee ameshaitwa kwenye nyumba nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo anapiga simu, na asipopokelewa anakwenda mwenyewe, anabisha hodi, na kabla hajakaribishwa kiti anauliza kama hati mpya imetoka.